Mama Shuka Apewa Nyumba

Siku serikali ilipompa nyumba, Mama Shuka alirudi kwa miguu kwenye vyumba vyake viwili vya kupanga, akamkuta mama mwenye nyumba amesimama mlangoni na mume na mke asiowajua, anawaonyesha dirisha.

"Hili linaingiza upepo vizuri," mama mwenye nyumba alikuwa akiwaambia. Alipomwona mpangaji wake hakushtuka wala hakuona haya. "Huyu ndiye yule niliyewaambia. Anahamia kwake. Hongera, mwanangu. Tumekuona kwenye televisheni unapeana mkono na waziri."

Mama Shuka alitaka kusema kwamba hana pa kuhamia, akaona hilo lingoje. Alikuwa amesimama juani tangu asubuhi, ameshikana mikono na watu wengi wenye viganja laini, na nyayo zilikuwa zinamwaka moto. Aliingia ndani, akaketi kitandani, akavua viatu. Huko nje wale wageni walikuwa wanauliza choo kinatumiwa na watu wangapi.

Jina la Mama Shuka hakupewa na wazazi wake. Alilipata hospitalini, kwenye chumba cha kufulia kilichojengwa nyuma ya wodi, ambako alifanya kazi tangu kabla hajaolewa. Mashuka yaliingia humo yakiwa na kila kitu ambacho mwili wa binadamu unaweza kukitoa, yakatoka meupe, yamenyooshwa, yamekunjwa pembe kwa pembe. Mashine za kufulia zilikuwa tatu, na mbili kati yake zilifanya kazi zikijisikia. Mvuke ulikuwa umemlainisha uso na sabuni imemkausha mikono. Hakuwahi kuingia nyumba ya mtu bila kwanza kutupia jicho kitanda, kuona kimetandikwaje.

Mumewe alikuwa fundi baiskeli. Kazi aliifanyia chini ya kipande cha turubai kwenye kona ya barabara, na alikuwa mtu wa maneno machache, mengi yakiwa makali. Walikuwa na binti na mdogo wake wa kiume, ambao walilala chumba cha mbele kati ya masufuria na ndoo za maji, na kila asubuhi godoro lao lilisimamishwa ukutani ili watu wapate pa kukanyaga.

Mama mwenye nyumba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwenye nyumba tu. Ukuta ulipoanza kubanduka, fundi baiskeli alinunua rangi kwa fedha yake akaupaka upya. Mwezi uliofuata mama mwenye nyumba akawapandishia kodi, kwa sababu vyumba sasa vimependeza.

Ndiyo maana, siku kijana mmoja kutoka wizarani alipokuja kwenye bwalo la hospitali kuueleza Mpango wa Nyumba ya Kwanza, Mama Shuka alikaa mstari wa mbele. Kijana alivaa shati lililopigwa pasi upande mmoja tu, lakini maneno yake yalinyooka. Serikali, alisema, imewakumbuka watu wa kipato cha kawaida ambao hawajawahi kumiliki nyumba. Benki ikitaka fungu la kuanzia, serikali italiweka. Linalobaki mtu atalipa kidogo kidogo kila mwezi, kama anavyolipa kodi, tofauti ni kwamba mwisho wake nyumba inakuwa yake.

"Kipato cha kawaida ni kipi?" aliuliza mpishi wa wagonjwa.

"Ni cha mtu asiye tajiri, ila pia asiwe maskini," alijibu kijana. "Tajiri hahitaji msaada, na maskini hatuwezi kumsaidia."

"Na mimi nitajuaje niko wapi?"

"Ukiomba, utaambiwa."

Jioni Mama Shuka alimweleza mumewe, ambaye alikuwa anajisugua grisi vidoleni.

"Serikali ikupe wewe nyumba," fundi alisema. "Kwani nani amekufa?"

"Hawanipi, baba watoto. Wananisaidia kununua."

"Wanakujua?"

"Watanijua nikiomba."

"Hapo ndipo penye hatari," alisema fundi, akaendelea kusugua.

Aliomba. Kikwazo cha kwanza kilikuwa kuthibitisha kwamba hajawahi kuwa na nyumba. Alikwenda ofisi ya ardhi. Karani alimsikiliza mpaka mwisho, tena kwa upole, kisha akamweleza kwamba ofisi hiyo hutoa hati kwa watu wenye ardhi.

"Wewe una ardhi?"

"Sina."

"Basi unataka hati ya nini?"

"Ya kuonyesha kwamba sina."

"Mama, humu ndani tuna makabati ya watu walio nacho. Wasio nacho hatujawahi kuwawekea kabati."

Akaelekezwa kwa kiongozi wa mtaa. Huyo alimwandikia barua fupi: anamfahamu mama huyu kwa muda mrefu, na hana kitu chochote. Akaipiga muhuri mara mbili ili kusiwe na shaka. Mama Shuka aliisoma njiani, na ingawa hicho ndicho alichokwenda kukitafuta, alijisikia vibaya mpaka alipofika nyumbani.

Kisha kimya. Msimu ukapita na mwingine ukaingia. Alikuwa ameshaanza kusahau, ndipo afisa habari wa wizara alipompigia simu na kumwita ofisini. Alikuwa mwanamke wa viatu virefu, na manukato yake yaliingia chumbani kabla yake.

"Umechaguliwa, mama. Wewe ndiye mnufaika wetu wa kwanza."

Mama Shuka alikaa kwenye kiti bila kukaribishwa. Alidhani amechaguliwa kwa sababu aliomba mapema, au kwa sababu mshahara wake uliangukia pale pasipo na utajiri wala umaskini. Afisa habari alimwondolea dhana hiyo.

"Nilipitia picha za waombaji wote. Wengine wamevaa suti, wengine wamenuna. Wewe ulikuwa na sura ya mwananchi."

Kwa ajili ya sherehe Mama Shuka alishonesha gauni la rangi ya samawati, lenye mikono mirefu na kola. Afisa habari alipomwona alijishika kichwa.

"Mama, gauni hilo litatuharibia. Watu watauliza huyu anasaidiwa nini. Huna lile vazi lako la kazini?"

Gari likatumwa hospitalini kulifuata. Hivyo ndivyo Mama Shuka alivyosimama mbele ya taifa zima akiwa na aproni yenye mabaka ya dawa ya madoa, na gauni jipya limekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni chini ya kiti.

Uwanja ulikuwa nje ya mji, mpana, umefyekwa majani. Katikati ilisimama nyumba moja ya vyumba vitatu, rangi ya maziwa, vigae vyekundu. Nyuma yake, mpaka macho yalipokomea, vilichomekwa vigingi na kuvutwa kamba kuonyesha mahali nyumba nyingine zitakaposimama. Waziri alihutubia kwa muda mrefu. Alisema enzi za mwananchi kuishi kwenye nyumba ya kupanga zimekwisha. Wananchi walioletwa kwa mabasi kumsikiliza, wapangaji watupu, walipiga makofi. Ndipo akamkabidhi Mama Shuka ufunguo wa mbao uliopakwa rangi ya dhahabu, mrefu kama mkono wake.

"Mama, unaweza kulia kidogo?" mpiga picha alimnong'oneza.

"Nilie nini? Si mmenipa nyumba?"

"Machozi ya furaha."

Alijitahidi, yakagoma. Mpiga picha akamwambia basi ainamishe kichwa, itatosha.

Wakaingia ndani, waziri mbele, wengine wakisukumana nyuma. Sofa ilikuwa bado na nailoni yake, na mezani palikuwa na bakuli la matunda ya plastiki. Jikoni waziri alifungua bomba, maji yakatoka, watu wakashangilia kana kwamba hawajawahi kuyaona. Mama Shuka, ambaye alikuwa amebanwa dirishani, alimwona mwanamume mmoja huko nyuma juu ya ngazi, anamimina ndoo kwenye tangi. Macho yao yakakutana. Yule mwanamume aliweka kidole mdomoni.

Sherehe ilipokwisha afisa habari alikuja, akauchukua ufunguo.

"Huu ni wa ofisi, mama. Wiki ijayo ufunguo wenyewe una safari ya mkoa mwingine."

"Na wa mlango?"

"Huo utafuata taratibu."

Gari lililomleta lilikuwa limekwisha kuondoka na waandishi wa habari. Ndipo akatembea.

Mama mwenye nyumba alimpa mpaka mwisho wa mwezi. Mama Shuka alimweleza ukweli wote, hadi ule wa ndoo. Mama mwenye nyumba alimsikiliza akitikisa kichwa kwa huruma.

"Mwanangu, ukipata kitu usikionee haya. Hata mimi nilipojenga hii, watu walisema."

Hakuna aliyemwamini. Televisheni ilisema lake, na yeye alisema lake, na watu wakachagua televisheni. Msimamizi wa chumba cha kufulia alimwondoa kwenye zamu za ziada, akaeleza mbele ya wenzake, macho makavu, kwamba zamu hizo ni za watu wenye shida. Wenzake walimdai sherehe ya kuingia nyumba. Aliposema nyumba yenyewe hana, wakaambizana kwamba vyumba vitatu vimempanda kichwani.

Kisha akaja shemeji. Huyu alikuwa mdogo wake fundi, mtu mwenye mipango mingi ambayo yote ilianzia kwenye nyumba ya mtu mwingine. Alifika asubuhi na mkewe, masanduku mawili na feni ya kusimama.

"Shemeji, tumekuja kuwasaidia kuhama."

"Kuhamia wapi?"

"Usitufiche, shemeji. Tumeiona. Sisi tutachukua kile chumba cha nyuma, hatuna makuu."

Fundi aliitazama ile feni. "Mama mwenye nyumba haruhusu feni hapa."

"Siyo ya hapa, kaka. Ni ya kule."

Wakalala chumba cha mbele pamoja na watoto, feni katikati, imefunikwa kanga isiingie vumbi.

Mama Shuka aliomba ruhusa kazini akaenda wizarani. Walimpiga danadana kutoka dirisha hadi dirisha, mpaka akatua kwa kijana yuleyule wa shati la upande mmoja, ambaye sasa alikuwa amepewa kompyuta na kiti kinachozunguka. Kijana aliandika jina lake, akasubiri, akatabasamu.

"Hongera, mama. Mfumo unaonyesha umekwisha kunufaika."

"Sijanufaika. Sijapewa nyumba."

"Mfumo unasema umekabidhiwa."

"Nilikabidhiwa ubao, nao wakauchukua."

Kijana alisoma tena kwenye kioo, asije akaonekana hajali. "Ubao haujatajwa. Pameandikwa nyumba."

"Basi nifute, mwanangu. Nitaomba upya."

"Hapo ndipo pagumu. Mpango huu ni wa wanaopata nyumba kwa mara ya kwanza. Wewe ukiomba sasa, itakuwa mara ya pili."

"Kwa hiyo nina nyumba ya kunizuia kupata nyumba."

"Kwa mujibu wa mfumo, ndiyo," alisema kijana, kwa sauti ya mtu aliyefurahi kueleweka.

Wakaanza kutafuta vyumba vingine vya kupanga. Huko nako uso wake ulikuwa umemtangulia. Mwenye nyumba mmoja alimfungia mlango akisema watu wa aina yake ndio wanaojibana kwenye vyumba vya bei nafuu ili wapangishe majumba waliyopewa. Mwingine alikubali kumpokea, lakini kwa kodi mara mbili, maana uwezo anao. Fundi baiskeli alianza kufunga masufuria kwa kamba, moja ndani ya jingine, bila kujua anayafunga yaende wapi. Mama Shuka alijikaza kisabuni mbele ya watoto, na akiwa peke yake bombani alijiuliza alimkosea nini afisa habari mpaka akampenda sura.

Ijumaa moja alikuwa anakunja shuka na mwenzake, kila mmoja ameshika pembe zake.

"Sasa kwako unahamia lini?" mwenzake aliuliza. Ilikuwa kijembe, na watu wa kwenye mashine waliguna.

Mama Shuka alisimama na pembe mkononi. Yule mwenzake alidhani amemuumiza, akataka kuomba radhi.

"Kesho," Mama Shuka alisema. Alikuwa hajapanga kusema hivyo. Alipolisikia neno limeshatoka, akaona halina ubaya.

Nyumbani fundi alidhani mkewe amechanganyikiwa.

"Tunahamia wapi?"

"Waliponipa."

"Walikupa kwa mdomo, mama watoto."

"Kwa mdomo wa waziri. Unataka mdomo gani tena?"

Fundi alilitafakari hilo, akaona halina pa kushika, akatoka kwenda kutafuta mkokoteni.

Wakafunga virago. Jumamosi asubuhi, mbele ya mtaa mzima, mkokoteni ulitoka na kitanda, magodoro, masufuria, vyombo vya fundi na sanduku la nguo. Mama mwenye nyumba aliwaaga kwa mikono miwili, akawakumbusha kuacha balbu. Shemeji alitangulia na feni yake begani. Jua lilikuwa limeshapanda walipoingia uwanjani, na mlinzi akainuka kwenye kiti chake kando ya ile nyumba moja.

Njia nzima Mama Shuka alikuwa amejiandalia maneno ya kumwambia mlinzi. Hakuyahitaji.

"Mama, mbona umechelewa?" mlinzi alisema. "Nilikutegemea wiki ileile. Mimi nimeambiwa nilinde, sikuambiwa nilinde mpaka lini."

"Ufunguo unao?"

"Ninao. Waziri si alikupa mbele yangu? Kiti alichokalia nilikibeba mimi." Akafungua mlango, akashika upande mmoja wa godoro.

Sofa ilikuwa imerudishwa dukani. Bakuli lilibaki, matunda hayakuwepo. Swichi mbili za sebuleni zilikuwa zimebandikwa ukutani kwa gundi, na binti alipoibonyeza moja ikamdondokea mkononi. Fundi alizunguka nyuma akachunguza tangi, akarudi na habari kwamba bomba lake linaingia ardhini kiasi cha shubiri moja, kisha linakomea hapo. Kufikia wakati huo shemeji alikuwa amechagua chumba kikubwa na kusimika feni. Fundi aliibeba feni, akaiweka sebuleni.

Mama Shuka alitandika kitanda. Alilivuta shuka, akalinyoosha kwa kiganja, akachomeka pembe. Kisha akasimama katikati ya chumba ambacho mtu mwingine hakuwa na haki ya kuonyesha dirisha lake, na machozi yakamtoka mwenyewe, mengi. Mpiga picha hakuwepo.

Haikuchukua siku nyingi afisa habari akafika, na mwanasheria wa wizara mwenye mkoba. Viatu virefu vilizama kwenye udongo kila hatua.

"Mama, umefanya nini? Hii ni nyumba ya mfano."

"Mfano wa nini?"

"Wa nyumba zitakazojengwa."

"Basi na mimi ni mfano wa watu watakaozikaa."

Mwanasheria alikohoa. "Bibi, kisheria umevamia mali ya umma."

"Nilipewa."

"Ulipewa kwa ishara tu."

"Nami nimehamia kwa ishara," Mama Shuka alisema. "Hilo godoro unaloliona ni ishara. Karibuni mketi, ila viti bado."

Mwanasheria alimvuta afisa habari pembeni, kando ya tangi, asijue kwamba upande wa pili fundi alikuwa amechuchumaa anarudisha mnyororo wa baiskeli. Fundi alisikia yote. Kumtoa huyu mama kunataka mahakama, mwanasheria alisema, na mahakamani lazima apatikane mtu wa kula kiapo kwamba waziri hakumpa nyumba.

"Utakula wewe?"

"Mimi nina watoto wanasoma," alisema afisa habari.

Wakaondoka bila kuaga.

Afisa habari aliporudi, alikuwa peke yake na amevaa ndala. "Mama yangu," alianza, na Mama Shuka akajua kuna jambo. Jambo lilikuwa wageni. Wakubwa walioukopesha mpango fedha walikuwa wanakuja kuona nyumba ya kwanza ikiwa na familia ndani yake.

"Tulikuwa tumeshapata familia nzuri sana ya kukaa siku hiyo," afisa habari alisema, na ilikuwa wazi kwamba bado inamuuma. "Ina mapacha. Lakini ndiyo hivyo, nyumba ina watu. Naomba siku hiyo mvae vizuri. Ila siyo vizuri sana."

"Mkataba kwanza."

"Mama yangu, mkataba utafuata taratibu."

"Basi na wageni wafuate taratibu."

Mkataba ulikuja keshoye. Ulikuwa uleule aliousikia bwaloni: serikali iweke fungu la kuanzia, yeye alipe kidogo kidogo kila mwezi, mwisho wake nyumba iwe yake. Aliusaini juu ya boneti ya gari, baada ya mumewe kuusoma kwa sauti kifungu baada ya kifungu, tena vingine mara mbili, huku mwanasheria akiangalia saa. Maji ambayo yalikuwa yameshindikana tangu mpango uanze yalichimbiwa mtaro asubuhi, na kufikia jioni yalikuwa yanatoka bila mtu juu ya ngazi.

Wageni walikuja wakiwa na kofia za jua. Mmoja alimuuliza Mama Shuka, kupitia kwa mkalimani, kama ana furaha.

"Nimechoka," alijibu, "lakini nashukuru."

Mkalimani alisema maneno mengi sana, na wageni wakaguswa. Mwingine alimwona shemeji amejinyoosha mbele ya feni, akauliza huyu ni nani. Afisa habari akasema ni jirani amekuja kutembea. Wageni wakaandika kwamba ujirani mwema umeanza kushamiri. Wakati huo, toka nyumba ile hadi mwisho wa macho, hapakuwa na jirani hata mmoja, labda kama vigingi vinahesabika.

Nyumba nyingine zilijengwa hatimaye, ingawa siyo zote. Wanunuzi wa mara ya kwanza walianza kuja kuzikagua siku za Jumapili, watu wa kipato cha kawaida, kila mmoja na gari ambalo halikuwa lake la kwanza. Nyumba inayotazamana na ya Mama Shuka iliandikishwa kwa jina la mtoto wa yule mwanasheria. Mtoto huyo alikuwa na miaka mitatu. Alikuwa hajawahi kumiliki nyumba na mshahara wake ulikuwa mdogo, hivyo mfumo haukumwona na kasoro. Yeye hakuhamia. Baba yake aliipangisha kwa niaba yake.

Shemeji naye aliomba. Alijibiwa kwamba anwani anayoishi imekwisha kunufaika, kwa hiyo hastahili. Alipoileta habari hiyo mezani, fundi baiskeli aliweka kijiko chini, akatoka nje, akarudi chakula kimeshapoa.

Maisha ya Mama Shuka hayakugeuka kuwa mepesi. Hospitali sasa iko mbali, na huondoka kabla watoto hawajaamka. Makato ya nyumba huuma kila mwezi kama kodi ilivyouma. Vigae vinavuja upande wa jikoni, na akipiga simu wizarani anaambiwa nyumba ni yake, atengeneze mwenyewe. Hilo peke yake humfanya akate simu akicheka. Mama mwenye nyumba wa zamani huja kumtembelea. Huketi, hutazama dari, husema si alimwambia.

Siku zake za mapumziko hufua mashuka ya kwake na kuyaanika mbele ya nyumba, kwenye jua. Majirani walipokuwa wengi waliunda kamati, na siku moja kamati ikamtuma mjumbe, mwanamume mpole mwenye raba nyeupe.

"Samahani, mama. Kamati imeona kwamba hii kamba ya nguo inashusha hadhi ya eneo. Inafanya paonekane kama makazi ya watu wa kipato cha chini."

Mama Shuka alikuwa na shuka zito kwenye beseni, linachuruzika. "Nani hasa kalalamika?"

"Mwenye hiyo nyumba ya mbele yako."

"Mwenyewe?"

"Ndiyo, mwenyewe."

"Mwambie aje tuzungumze. Ametimiza miaka minne sasa, barabara anaweza kuvuka akishikwa mkono."

Mjumbe aligeuka akaitazama nyumba ya mbele, kisha akaitazama ya kwake mwenyewe mwisho wa safu, akasema atalirudisha suala hilo kwenye kamati. Kabla hajaondoka Mama Shuka alimwomba amshikie upande wa pili wa shuka walikamue, maana fundi alikuwa kazini na shemeji amelala. Mjumbe alishika. Wakalisokota, yeye huku na mama kule, na maji yote yakamwagikia raba zake.